Gemu za watengenezaji huru: uzuri na udhaifu kutoka chungu kimoja

Mnamo Aprili 2024 ilitoka gemu iitwayo Tales of Kenzera: Zau, kazi ya kwanza ya Surgent Studios, studio changa ya Uingereza iliyoanzishwa na mwigizaji Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Mchezaji aliyefungua sehemu ya lugha alikuta jambo ambalo msemaji wa Kiswahili hajazoea kulikuta humo: angeweza kuchagua wahusika wazungumze Kiswahili kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Hadithi ni ya mganga kijana, Zau, anayemwendea Kalunga, mungu wa mauti, na kuomba arudishiwe Baba yake aliyefariki, na Salim hakuficha kwamba aliiandika kutokana na msiba wa baba yake mwenyewe. Miezi mitatu baadaye studio ilitangaza kupunguza watu zaidi ya kumi kazini, na ilipofika Oktoba mwaka huohuo timu nzima ya gemu ilikuwa imewekwa pembeni, ikisubiri apatikane wa kugharamia mradi unaofuata.

Wahakiki wengi waliisifu kwa hadithi, muziki na wepesi wa kuruka na kukimbia. Wengi haohao walilalamika kwamba maadui ni wale wale na kwamba gemu inaisha baada ya saa nane hivi. Sifa na lawama hizo zina mzizi mmoja. Tunapozungumzia gemu za watengenezaji huru tumezoea kupanga mazuri upande huu na mabaya upande ule, kana kwamba mtu angeweza kuchukua ya kwanza na kuyaacha ya pili, na mpango huo ndio unaotufanya tushindwe kuelewa kwa nini studio iliyosifiwa mwezi wa nne iishiwe fedha mwezi wa kumi.

Neno "huru" lenyewe linahitaji kufunguliwa kwanza. Zamani gemu iliuzwa ndani ya boksi, na boksi lilihitaji mtu mwenye fedha za kuchapa diski, kuzisafirisha na kuzipangia nafasi kwenye rafu za maduka. Mtu huyo, yaani mchapishaji, ndiye aliyeamua nini kitengenezwe. Maduka ya mtandaoni, hasa Steam iliyoanzishwa na Valve mwaka 2003 na duka la Xbox, mashine ya gemu ya Microsoft, lililoiuza gemu ya Braid ya Jonathan Blow mwaka 2008, yalimwondolea mtengenezaji mdogo mzigo wa boksi, na hapo "huru" ikaanza kumaanisha gemu isiyo na mchapishaji.

Maana hiyo haikudumu. Stardew Valley, gemu ya kilimo na maisha ya kijijini ambayo kila mtu huitaja kama mfano wa gemu huru, ilitoka kwa msaada wa mchapishaji Chucklefish. Balatro ya mwaka 2024, iliyotengenezwa na mtu mmoja asiyetaka jina lake lijulikane, ina mchapishaji pia. Gemu ya Salim ilichapishwa na Electronic Arts, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za gemu duniani. Kichekesho kilikuwa mwaka 2023, pale tuzo za The Game Awards zilipoiteua Dave the Diver kuwania nafasi ya gemu bora huru ilhali walioitengeneza, Mintrocket, walikuwa tawi la Nexon, kampuni kubwa iliyoanzishwa Korea Kusini. Ilionekana "huru" kwa sababu ina picha za pikseli, yaani za vimraba vinavyoonekana kama za gemu za zamani, na picha za pikseli ni mtindo tu. Kwa maoni yangu maswali mawili yanatosha kumaliza ubishi: nani ana neno la mwisho kuhusu gemu, na ikipata hasara, hasara hiyo inaangukia mfuko wa nani? Anayeitwa huru kwa haki ni yule ambaye majibu yote mawili yanarudi kwake au kwa kikundi chake kidogo.

Tuanze na neno la mwisho. Mwaka 2013 Lucas Pope, Mmarekani aliyekuwa akiishi Japani, alitoa Papers, Please, ambayo aliitengeneza peke yake. Mchezaji ni afisa uhamiaji katika nchi ya kubuni inayoitwa Arstotzka. Kazi yake kwa sehemu kubwa ni kupokea pasipoti, kulinganisha picha na sura iliyo mbele yake, kusoma tarehe, kuvuta mihuri na kugonga. Analipwa kwa idadi ya watu aliowahudumia, na kila jioni anaonyeshwa hesabu ya nyumbani: kodi, chakula, joto la nyumba, dawa. Siku moja anapita mwanamume mwenye karatasi kamili, anayesema kwamba mke wake yuko nyuma yake kwenye foleni. Mke anafika dirishani na kibali cha kuingia hana. Ukimgongea muhuri, mashine iliyo pembeni inatema kikaratasi cha onyo. Maonyo yakizidi mshahara unakatwa, na nyumbani kuna mgonjwa. Yeyote aliyewahi kusimama Namanga au Tunduma akiwa na karatasi moja pungufu anaujua uzito wa dirisha lile, isipokuwa safari hii yeye ndiye aliyekaa upande wa ndani.

Ni vigumu kuona wazo hilo likipita katika kikao cha kampuni kubwa, na sababu si kwamba kampuni kubwa hazina watu wenye akili. Gemu kubwa ya leo huajiri mamia ya watu kwa miaka kadhaa na gharama zake huhesabiwa kwa makumi au mamia ya mamilioni ya dola, kwa hiyo haina budi kuuza mamilioni ya nakala ili irudishe mtaji. Kitu kinacholazimika kumpendeza kila mtu hakiwezi kumchosha mtu kwa kumgongesha mihuri, hata kama uchovu huo ndio sehemu ya ujumbe. Pope hakuwa na mishahara ya watu mia tano shingoni. Alihitaji kujilisha yeye na familia yake.

Gharama ndogo inafanya kazi hiyohiyo kwa namna nyingine. Luca Galante, Mwitaliano anayeishi Uingereza, alitengeneza Vampire Survivors kwa kutumia takriban pauni 1,100, nyingi zikiwa za kununua picha na sauti zilizotengenezwa na wengine. Mchezaji hata hashiki kitufe cha kupiga. Anatembea tu huku silaha zikijifyatua zenyewe na maadui wakimzonga kama kumbikumbi wakati wa mvua. Mwaka 2023 gemu hiyo ilichukua tuzo ya BAFTA, ile ya Uingereza, ya gemu bora ya mwaka mbele ya gemu za kampuni kubwa kama Elden Ring na God of War Ragnarök. Wazo la aina hiyo hujaribiwa tu pale ambapo kulijaribu hakumfilisi mtu.

Lakini asiye na wa kumkataza hana pia wa kumzuia. Mfano unaopendwa ni Eric Barone, aliyetengeneza Stardew Valley akiwa peke yake kwa muda wa miaka minne na nusu: aliandika programu, akachora picha, akatunga muziki, akaandika mazungumzo ya wanakijiji, na sura za wahusika alizichora upya mara kadhaa kadiri mkono wake ulivyokomaa. Gemu ilitoka Februari 2016 na kufikia mwisho wa mwaka 2024 ilikuwa imeuza zaidi ya nakala milioni 40. Husimuliwa kama hadithi ya subira, nayo ni kweli, ila ina upande usiosimuliwa sana. Miaka hiyo Barone alifanya kibarua cha kuwaonyesha watazamaji viti katika ukumbi wa maonyesho huko Seattle, na mwenzi wake ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya gharama za nyumba. Tunaijua hadithi hiyo kwa sababu ilifanikiwa. Yule ambaye miaka yake minne iliishia kwenye nakala mia mbili haandikwi na mtu.

Muda, basi, ndio mtaji wa kwanza kuliwa. Team Cherry ya Adelaide, Australia, kikundi cha watu wachache mno, ilitangaza Hollow Knight: Silksong mwezi Februari 2019 na kuitoa Septemba 2025. Wao waliweza kungoja kwa sababu gemu yao ya kwanza ilikuwa imewaingizia fedha za kutosha. Studio nyingine ingekufa mwaka wa pili. Siku Silksong ilipotoka, kwa dola 20 tu, maduka ya mtandaoni yalizidiwa na wanunuzi, na studio ndogo kadhaa zilikuwa tayari zimeahirisha gemu zao ili zisimezwe. Kwa hiyo mnyonge huyu naye ana wanyonge wake.

Ukiacha muda, kuna mikono. Gemu ikitoka haijaisha, kwa sababu hitilafu hujitokeza mikononi mwa wachezaji. Mwaka 2012 Polytron ya Montreal ilitoa sasisho la gemu yake Fez kwenye Xbox, kisha ikagundulika kwamba sasisho hilo linaharibu rekodi za baadhi ya wachezaji. Microsoft wakati huo ilitoza fedha kukagua upya sasisho la pili, na Polytron ikaamua kuliacha lilivyo kwa kuwa ada hiyo ilikuwa kubwa kuliko uwezo wake, ikieleza kwamba walioathirika ni chini ya asilimia 1. Kwa kampuni kubwa hiyo ni fedha ya chai. Kwa mchezaji aliyepoteza saa kumi za mchezo, asilimia hiyo ni yeye mzima. Microsoft iliondoa ada hiyo mwaka uliofuata, lakini tatizo la msingi halikuondoka, na Innersloth ya Marekani ililiona kwa sura nyingine. Among Us yao ilitoka mwaka 2018, watu wakaipita kimya kimya. Mwaka 2020, wakati wa corona, ikalipuka ghafla, na kikundi cha watu watatu kikajikuta kinahudumia dunia nzima kwa mitambo iliyojengwa kwa ajili ya marafiki wachache. Wadanganyifu wakajaa, Innersloth ikalazimika kuifuta gemu ya pili iliyokwisha kuitangaza ili irudi kukarabati ya kwanza, na wadukuzi wakafurika vyumba vya mazungumzo kwa matangazo. Ni baraka, bila shaka, ila ya kumwangukia mtu kichwani.

Uhuru huu, tena, hujengwa kwenye kiwanja cha kukodi. Watengenezaji wengi hawaandiki kila kitu wenyewe. Hutumia injini, yaani programu ya msingi inayoshughulikia michoro, sauti na mwendo. Septemba 2023 kampuni ya Unity, ambayo injini yake inatumiwa na maelfu ya studio ndogo, ilitangaza kwamba gemu zikivuka kiwango fulani zingetozwa ada kwa kila mara gemu inapowekwa kwenye kifaa kipya, zikiwemo gemu zilizokwisha kuuzwa zamani. Fikiria fundi cherehani anayeambiwa na aliyemuuzia cherehani kwamba kuanzia Januari atalipia kila mara mteja anapovaa suruali. Kelele zilikuwa kubwa, mkurugenzi mkuu akaondoka mwezi uliofuata, na baada ya mwaka mmoja ada ikafutwa; hata hivyo wengi walikuwa wameshahamia au kuanza kujifunza Godot, injini ya bure iliyoanzishwa na Waajentina wawili na isiyo na mwenyewe wa kubadilisha bei.

Wazo nalo halina ukuta. Mwanzoni mwa mwaka 2014 watu watatu walitoa Threes!, gemu ndogo ya simu ya kusukuma na kuunganisha namba, baada ya kuitengeneza kwa zaidi ya mwaka mmoja. Wakaeleza baadaye jinsi walivyopitia maumbo mengi, hata yenye wanyama na vyakula, kabla ya kufika kwenye namba tupu. Wiki chache baadaye zilijaa gemu zinazofanana nayo, na maarufu zaidi, 2048, iliandikwa na kijana wa Kiitalia kwa siku mbili tatu na kutolewa bure. Leo ukimwonyesha mtu Threes! atakuambia umeiga 2048. Sheria hulinda michoro na maandishi, lakini kanuni ya mchezo ni kama mpigo wa ngoma: anayeusikia anaondoka nao. Ni kweli pia kwamba watengenezaji huru wenyewe wanaigana bila aibu. Baada ya Stardew Valley zilimiminika gemu za mashamba, kila moja ikiwa na kijiji, mto wa kuvulia samaki na meya mchangamfu, na anayedai kwamba sekta hii ni chemchemi ya mawazo mapya hajakaa akapitia gemu zinazotoka kwa wiki moja. Mwaka 2024 pekee gemu zaidi ya 18,000 ziliingia Steam, ambako ada ya kuorodhesha gemu moja ni dola 100. Mlango uliofunguliwa kwa Pope na Barone ulifunguliwa kwa wote.

Hesabu ya fedha inaweka mambo wazi kuliko maneno. Tuseme watu watatu wamefanya kazi miaka miwili, gemu yao ikauza nakala 5,000 kwa dola 10, matokeo ambayo wengi katika hizo 18,000 wangeyafurahia. Mauzo ni dola 50,000. Duka linachukua asilimia 30, zinabaki 35,000. Zigawe kwa watu watatu na miezi 24: kila mmoja amepata dola 486 kwa mwezi, kabla ya kodi, kabla ya wanunuzi waliorudishiwa fedha, na kwa kudhani hakuna nakala iliyouzwa wakati wa punguzo. Mjini London hiyo haifiki kodi ya chumba.

Mjini Nairobi au Dar es Salaam, hata hivyo, fedha hiyo ni mshahara, na hapo ndipo watu hudhani Afrika Mashariki ina nafasi ya upendeleo. Majaribio hayakukosekana. Mwaka 2007 Wesley Kirinya wa Kenya alitoa The Adventures of Nyangi, baadaye akashirikiana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha Leti Arts. Mwaka 2015 ikaja Nairobi X ya Andrew Kaggia, ambamo wavamizi kutoka anga za mbali wanapigwa risasi katika mitaa ya Nairobi. Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Lual Mayen, mkimbizi wa Sudan Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu ili amnunulie laptopu ya dola 300, naye akawa anatembea saa tatu kwenda kuichaji. Gemu aliyoitengeneza, Salaam, inamhusu mtu anayekimbia vita, na mwaka 2018 ilimfikisha kwenye jukwaa la The Game Awards.

Ila gharama ndogo ya maisha haitoshi. Kwanza, soko la nyumbani halilipi kwa njia ambayo maduka yanataka: duka linataka kadi ya benki na fedha ya mchezaji iko kwenye simu, ingawa kadi za mtandaoni zinazounganishwa na M-Pesa zimepunguza kero hiyo nchini Kenya. Pili, na hili husemwa kwa nadra, namna tunavyocheza ni tofauti na namna gemu hizi zinavyodhaniwa kuchezwa. Ingia kwenye kibanda cha gemu cha Mombasa au Temeke saa kumi jioni. Wawili wameshika pedi, wengine wanane wamejibana nyuma yao kwenye benchi, kila mmoja akiwa kocha. Mechi ikiisha aliyefungwa anasimama na anayefuata analipa. Gemu ya mpira inakaa sawa humo kwa sababu inaisha upesi, inahitaji watu wawili na inampa mtazamaji cha kubishania. Hadithi ya saa nane ya kijana anayemlilia baba yake, hata ikisemwa kwa Kiswahili safi, haina mahali pa kukaa kwenye benchi lile. Mtengenezaji wa hapa akitaka kuanza na wateja alionao mlangoni, labda angeangalia zaidi bao na drafti kuliko zile gemu ndefu zinazosifiwa na wahakiki wa Ulaya. Hilo, nakiri, ni shauri la mtu asiyelipa mishahara ya studio.

Kuhusu Zau, ubishi wa nani alaumiwe hauna jibu moja. Gemu ilitoka katika mwaka ambao wawekezaji walikuwa wakifunga mifuko katika sekta nzima na kampuni kubwa zikifukuza maelfu ya wafanyakazi, na Salim mwenyewe alishambuliwa mtandaoni kwa matusi ya rangi. Hata bila hayo, timu ndogo iliyoamua kutengeneza milima, mapango, mizimu mikubwa, muziki na sauti kwa lugha mbili ilikuwa imebeba furushi lisiloacha nafasi ya kukosea hata kidogo. Mwenye tahadhari zaidi angeanza kwa kuiondoa ile lugha ya pili.

Aprili 2025 gemu hiyo ilipewa tuzo ya BAFTA ya kazi inayovuka burudani, wakati wengi walioijenga walikuwa wameshatawanyika. Miezi michache baadaye Surgent Studios, ikiwa na watu wachache kuliko awali, ilitoa gemu yake ya pili, Dead Take. Ni ya kutisha, haina milima wala mapango, na karibu yote inatokea ndani ya jumba moja.